Kupima si kunuia: Elimu ya kwantamu na wanaoigeuza uganga

Limezuka neno jipya katika soko la dawa na katika majlisi ya mawaidha, nalo ni neno "kwantamu". Kuna kidani cha kwantamu, kikuku cha kwantamu, maji ya kwantamu, tiba ya kwantamu, na hata mashine ya kwantamu ambayo eti mgonjwa akiishika mkononi kwa muda mfupi humweleza maradhi yote yaliyomo mwilini mwake. Fauka ya hayo, katika kanda za video zinazopitishwa kutoka simu hadi simu, wapo wasemaji hodari wanaotuambia kwamba wataalamu wa Ulaya na Marekani wamekwisha kuthibitisha katika maabara kuwa ulimwengu huu hufuata nia ya mtu. Anayeinuia mali kwa dhati, wanasema, mali itamjia. Na anayeinuia siha, siha itamrudia.

Maneno haya yamewavutia wengi, wala si ajabu. Msomaji wa pwani amelelewa katika kujua kwamba nia ina daraja kubwa. Saumu haisihi bila ya nia, na kwa wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika mwambao huu, hata udhu hausihi bila yake. Basi anaposikia kwamba wazungu nao, kwa mashine zao, wamegundua kuwa nia huviendesha vitu, huona kama amesikia habari ya nyumbani kwake ikirudi kutoka ng'ambo. Hapo ndipo anapofungua mkoba.

Kusudi letu leo ni kueleza kwa lugha nyepesi elimu hii inasema nini na haisemi nini. Elimu ya kwantamu ni ya kweli, tena ni ya ajabu. Lakini katika maabara kupima ni kazi ya chombo, na kunuia ni kazi ya moyo. Anayevichanganya viwili hivi ama hajui, ama ana kitu anachokiuza.

KIBABA KIZIMA

Tuanzie karakanani mwa mhunzi. Chuma kikitiwa motoni huiva kwanza rangi nyekundu, kisha ya chungwa, na moto ukizidi huelekea weupe. Kila mhunzi analijua hilo, lakini mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wa fizikia walishindwa kulieleza. Hesabu walizokuwa nazo, ambazo zilifaa sana kwa mambo mengine, zilitoa jawabu la kuchekesha: kwamba kitu chenye moto hutoa nguvu zisizo na ukomo upande wa rangi ya zambarau na ng'ambo yake. Lau ingekuwa hivyo, kila jiko la makaa lingemteketeza mpishi wake.

Tarehe 14 Desemba, 1900, mjini Berlin, Mjerumani Max Planck alieleza njia ya kutoka katika shida hiyo. Alisema kwamba hesabu zitalingana na vipimo iwapo tutakubali kuwa nguvu hutolewa na kupokewa kwa mafungu kamili, wala hazimiminiki mfululizo kama maji ya mfereji. Fungu hilo ndilo lililokuja kuitwa kwantamu, neno la Kilatini lenye maana ya "kiasi gani". Mfano wake ni mwenye duka anayepima mchele kwa kibaba peke yake. Atakuuzia kibaba kimoja, au viwili, au pishi nzima ya vibaba vinne, lakini nusu kibaba hauzi. Hiyo ndiyo asili ya neno lenyewe. Ni neno la kipimo, na tangu lilipoanza halikuwa na uhusiano wowote na roho.

Mwaka wa 1905 Albert Einstein alikwenda mbele zaidi akasema kuwa mwanga wenyewe husafiri kwa mafungu, ambayo leo huitwa fotoni. Na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1921. Mafungu hayo ni madogo mno. Taa itoayo wati moja tu ya mwanga humwaga kila sekunde zaidi ya fotoni bilioni mara bilioni moja. Ndiyo maana jicho huona mwanga kama kitu kimoja kisichokatika, mfano wa mtu aliye mbali anayeuona mchanga wa ufuoni kama kitambaa kilichotandikwa.

Matunda ya elimu hii tunayo majumbani. Bamba la sola lililo juu ya paa hufanya kazi kwa sababu fungu la mwanga huigonga elektroni, ambayo ni chembe ya umeme, ikaiondoa mahali pake. Simu inayomwonyesha msafiri upande wa kibla hujua mahali ilipo kwa kusikiliza setilaiti zilizobeba saa za atomu. Tangu mwaka wa 1967 sekunde yenyewe hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi yanayohusiana na atomu ya sesiamu. Mawimbi yatokayo katika setilaiti huenda kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Mambo haya yanapimika, yanarudiwa, na yanamfanyia kazi anayeamini na asiyeamini sawasawa. Taa ya sola haiulizi nia ya mwenye nyumba.

MILANGO MIWILI YA MWAMBA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo chanzo cha uvumi wote. Wavuvi wetu wanajua kuwa mawimbi yakipita katika milango miwili ya mwamba iliyo karibu karibu, hutawanyika upande wa ndani yakakutana. Pale kilele cha wimbi hili kinapokutana na kilele cha lile, maji huinuka maradufu. Pale kilele kinapokutana na bonde, maji hutulia. Kwa hiyo mahali penye msukosuko hupishana na mahali patulivu.

Kokoto hazina tabia hiyo. Mtu akizirusha moja moja kupitia milango miwili, zitarundikana mafungu mawili, kila fungu mkabala wa mlango wake. Je, elektroni ni kama wimbi au ni kama kokoto? Kila inapogonga kioo cha kupokelea huacha nukta moja, kama kokoto. Lakini wataalamu wa Japani wakiongozwa na Akira Tonomura walizirusha elektroni moja moja kupitia njia mbili, wakachapisha matokeo mwaka wa 1989. Nukta za mwanzo zilianguka ovyo ovyo. Zilipotimia maelfu zikajipanga milia, mlia uliojaa ukipishana na mlia mtupu, kama mawimbi ya mwambani. Wala hazikuwa zikisukumana njiani, maana aghalabu hazikuwamo zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Hapa pana ajabu ya kweli, na hatuna haja ya kuipunguza. Elektroni hutua kama kokoto, lakini hesabu ya mahali itakapotua huenda kama wimbi. Mjerumani Max Born alieleza mwaka wa 1926 kuwa wimbi hilo hutupa uwezekano tu. Linasema ni wapi zitatua nyingi na ni wapi zitatua chache. Halisemi hii moja itatua wapi.

Kisha kuna jambo la pili. Ukiweka kifaa cha kutambua kila elektroni imepita njia ipi, milia hupotea na nukta zikarundikana kama kokoto. Vitabu vya fizikia husema kwa mkato kuwa "mtazamaji" amebadili matokeo. Neno hilo moja ndilo walilolidaka waganga wapya. Wakasema: mtazamaji ni mtu, mtu ana roho na nia, basi nia ya mtu huubadili ulimwengu. Hoja ina hatua tatu, na mguu umeteleza tangu hatua ya kwanza.

NANI ANAYETAZAMA?

Mtazamaji katika fizikia si lazima awe mtu. Ni kitu chochote kinachogusana na chembe kikabaki na alama ya mahali ilipopita, kiwe kifaa, mwanga au hewa. Jambo hili halikuachwa kuwa la kubahatisha, bali limepimwa. Mwaka wa 1999, katika Chuo Kikuu cha Vienna nchini Austria, kundi la Anton Zeilinger lilipata milia ile ile kwa kutumia molekuli za kaboni, kila moja ikiwa na atomu 60 zilizoungana mfano wa mpira. Mwaka wa 2003 watafiti wa huko huko waliingiza gesi kidogo kidogo katika chombo ambamo molekuli za jamii hiyo zilikuwa zikipita. Kadiri gesi ilivyozidi, ndivyo milia ilivyofifia. Hapakuwa na mtu aliyezikodolea macho molekuli hizo njiani, wala aliyezinuia kheri au shari. Gesi ilizigonga, na kule kugongwa ndiko kulikokuwa kutazamwa kwake.

Katika habari hiyo limo pia jawabu la swali ambalo watu huliuliza sana: ikiwa chembe zina tabia hii, mbona sahani, mashua na binadamu hatuoni vikifanya hivyo? Kitu kikubwa hugongwa na hewa, joto na mwanga bila ya kukoma, usiku na mchana, awepo mtu au asiwepo, na tabia yake ya wimbi hufutika kabla ya kuonekana. Paka maarufu wa Erwin Schrödinger, anayesemwa kuwa hai na mfu kwa pamoja, alibuniwa mwaka wa 1935 kwa makusudi ya kuonyesha upuuzi wa kuichukua hesabu ya chembe na kuibandika juu ya vitu vikubwa bila ya kufikiri. Wanaomtaja leo kama dalili ya miujiza wamekipindua kisa cha mwenyewe.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba jambo la jicho lilikwisha kupambanuliwa na wasomi wa Kiislamu karibu miaka elfu moja iliyopita. Baadhi ya wanafalsafa wa Kiyunani waliamini kuwa jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu kinachoonwa. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka wa 965 na kufanya kazi Misri, alieleza katika kitabu chake cha Kitab al-Manazir kwamba mambo ni kinyume: mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni, na jicho hupokea. Anayetuambia leo kuwa jicho la mtu linakiumba kinachotazamwa anaturudisha nyuma ya Ibn al-Haytham, kisha anatutoza kiingilio. Hapa hatuzungumzii hasadi na kijicho. Hayo yana wanavyuoni wa kuyaeleza, na hayakutoka katika maabara hata yangojee ushahidi wake.

Uaminifu unatutaka tuseme pia kwamba wapo wataalamu wakubwa waliowahi kulifikiria jambo la akili. Eugene Wigner, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1963, aliandika mwaka wa 1961 kuwa huenda utambuzi wa mtu ndio unaokamilisha upimaji. Baadaye aliiacha rai hiyo. Na hata alipokuwa nayo, haikuwa rai ya kwamba mtu anaweza kujichagulia matokeo. Hilo ndilo la kushika. Elektroni hutua kwa uwezekano uliohesabiwa, na hakuna mtaalamu aliyeweza kuielekeza upande kwa kuitakia tu. Mpimaji anaweza kuchagua apime nini. Hana uwezo wa kuchagua apate nini.

Wataalamu bado wanahitilafiana juu ya maana ya hesabu hizi. Wapo wanaofuata rai ya Niels Bohr wa Copenhagen. Wapo wanaofuata ile ya David Bohm ya mwaka wa 1952, na wapo wanaoshika ya Hugh Everett ya mwaka wa 1957, inayosema kuwa matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Hitilafu hiyo ni ya kweli na haijakwisha. Hata hivyo, kwa vipimo vilivyofanywa mpaka leo rai hizi hutoa hesabu zile zile, na hakuna kati yake inayompa mja uwezo wa kuziamuru chembe kwa moyo wake. Nahodha hunuia kufika, na ni vyema anuie. Lakini maji hupwa na kujaa kwa mwezi.

PACHA WALIO MBALI

Dai jingine ni la chembe pacha. Tunaambiwa kuwa chembe mbili zilizozaliwa pamoja hubaki na uhusiano hata zikitenganishwa masafa marefu, na kwa hiyo mganga aliyeko ng'ambo anaweza kumtibu mgonjwa wa Lamu asiyemwona, au mama akajua kwa njia ya kwantamu yanayomsibu mwanawe aliyeko Muscat. Sehemu ya kwanza ya dai hili ni kweli. Einstein na wenzake wawili waliijadili mwaka wa 1935 kwa wasiwasi mkubwa. John Bell, mzaliwa wa Belfast, alionyesha mwaka wa 1964 namna ya kuipima. Na John Clauser, Alain Aspect na yule Anton Zeilinger tuliyemtaja, ambao walifanya vipimo vyenyewe, waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2022. Sehemu ya pili ndiyo isiyofuata.

Chukua jozi ya makubadhi. Tia la kulia katika sanduku moja na la kushoto katika jingine, yachanganye masanduku, kisha peleka moja Lamu na jingine Vanga. Anayefungua Lamu akakuta la kulia hujua papo hapo kuwa la kushoto liko Vanga, na hapana uchawi wowote. Bell alionyesha, na vipimo vikathibitisha, kuwa uhusiano wa chembe pacha unauzidi huu wa makubadhi. Haiwezekani kuueleza kwa kusema kuwa kila chembe iliondoka na majibu yake kamili tangu mwanzo, bila ya kuhusiana tena na mwenzake. Hilo ni la ajabu, na Einstein alikuwa na haki ya kutaharuki.

Lakini anayepima Lamu hupata jibu la kubahatisha, na anayepima Vanga naye hupata jibu la kubahatisha. Uhusiano wa majibu yao huonekana pale wanapopigiana simu na kuyalinganisha. Hapawezi kupitishwa salamu, habari wala dawa kwa njia hiyo. Isitoshe, uhusiano huo ni mwepesi wa kuharibika. Migongano ile ile inayofuta milia huukata, ndiyo maana katika maabara chembe nyingi za namna hii huwekwa katika vyombo vilivyotolewa hewa, au katika baridi kali. Mwili wa binadamu, wenye joto na maji na pilikapilika zisizokoma, si mahali pa kuwaweka pacha hao. Na uchungu wa mama kwa mwanawe hauhitaji elektroni ili uwe wa kweli.

HASARA YAKE

Kuna atakayeuliza: kuna ubaya gani mtu akijiliwaza kwa maneno haya? Ubaya upo, tena wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa mali. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kidani cha jiwe kikiitwa jiwe hakina mnunuzi, kikiitwa cha kwantamu bei yake hupaa, ilhali jiwe ni lile lile.

Wa pili ni wa mwili. Mwezi wa Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi inayosimamia usalama wa nyuklia na mnururisho iliwaonya wananchi juu ya bidhaa 10, zikiwamo vidani na vikuku, zilizouzwa kwa madai ya kumkinga mtu na mawimbi ya simu ya 5G. Zilipopimwa zilikutwa zikitoa mnururisho wa namna inayoweza kumdhuru mwenye kuzivaa kwa muda mrefu. Watu walinunua kinga, wakavaa madhara. Na tusisahau kwamba mwenye ugonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu, akiziacha dawa za hospitali kwa kutumainia maji ya kwantamu, ugonjwa wake haungoji wala haumhurumii.

Wa tatu ni wa moyo, na kwa maoni yetu ndio mbaya zaidi. Ikiwa kila kitu hufuata nia ya mtu, basi mgonjwa asiyepona ni yeye aliyeshindwa kunuia, na maskini ni yeye aliyeutaka umaskini wake. Mama aliyefiwa na mwana ataambiwa kuwa fikira zake hazikuwa njema. Huu ni ukatili uliovikwa joho la elimu. Ni kinyume pia cha aliyofundishwa Mwislamu juu ya kadari na subira. Aliyepatwa na msiba katika mitaa yetu hupewa mkono wa tanzia, akapikiwa, akaketiwa matangani. Haambiwi, "Wewe ndiye uliyeuita msiba."

IMANI NA NADHARIA

Lipo kundi jingine ambalo kusudi lake ni jema. Hao hawauzi kitu. Wanaipenda dini yao, na wanaposikia habari za chembe zisizoshikika wanasema kuwa sasa sayansi imethibitisha roho, majini na ghaibu. Wengine huzitafuta aya wakazilinganisha na nadharia, kana kwamba Kitabu kilikuwa kikingojea hati ya maabara.

Kwa hao tuna neno la adabu. Ghaibu ni kile kilichofichika kwa viumbe. Kikiweza kuwekwa juu ya meza na kupimwa na kila mwenye chombo, hakiwi ghaibu tena. Zaidi ya hayo, nadharia za sayansi huwa ni za kurekebishwa, na hiyo ndiyo sifa yake njema. Hesabu za Isaac Newton, zilizochapishwa mwaka wa 1687, zilidhaniwa kwa zaidi ya miaka 200 kuwa zinatosha kwa kila kitu. Kisha zikaonekana kuwa hazitoshi kwa vitu vidogo mno, wala kwa mwendo wa kasi mno. Aliyekuwa amezifanya nguzo ya imani yake angeshika wapi siku hiyo? Elimu ya kwantamu nayo huenda siku moja ikajikuta ni sehemu ya elimu iliyo pana zaidi. Mzee wa Siyu au Faza aliyesali miaka sabini bila ya kulisikia neno elektroni hakupungukiwa na kitu katika imani yake. Kadhalika, anayedai kuwa fizikia imeifuta dini amevuka mpaka ule ule kwa upande wa pili.

Upo mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka wa 1979 Tuzo ya Nobel ya fizikia waligawiwa watu watatu, Abdus Salam wa Pakistan na Wamarekani Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kazi ya kuziunganisha nguvu mbili za maumbile katika hesabu moja. Salam alikuwa mtu wa dini, na Weinberg hakuwa na dini. Kila mmoja alikwenda njia yake, na wote wawili walifikia hesabu ile ile. Vipimo havikumuuliza mmoja wao anaamini nini.

LA KUFANYA

Hatusemi kwamba watu waikimbie elimu hii. Tunasema waijie kwa mlango wake. Abdus Salam ndiye aliyeanzisha mwaka wa 1964, mjini Trieste nchini Italia, kituo cha fizikia kwa ajili ya wasomi wa nchi zisizo na uwezo, na tangu mwaka wa 2018 kituo hicho kina taasisi shirika mjini Kigali kwa ajili ya Afrika Mashariki. Njia ya kijana wa Malindi au Kwale kuifikia elimu hii si ndefu kama ilivyokuwa zamani, lakini haianzii katika kidani. Huanzia katika hesabu za darasani, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa asiyekwenda shule hiyo, tunampa maswali manne ya kumuuliza kila ajaye na neno kwantamu mdomoni. Ni kitu gani kilichopimwa? Nani aliyekipima, asiyefaidika na mauzo? Walipata tarakimu gani? Na ni matokeo yapi ambayo, yakionekana, wewe mwenyewe utakubali kwamba dai lako ni la uongo? Swali hili la mwisho ndilo kubwa. Planck, Bell na watafiti wa Vienna wote walikuwa na jawabu lake, kwa sababu vipimo vyao vingeweza kuwaumbua. Mwuza kidani hana. Mteja akipona atasema ni kidani, na asipopona atasema ni nia ya mteja.

Walimu wa shule na walimu wa madrasa wana kazi moja hapa, wala hapana haja ya kugombana. Mwalimu wa sayansi aseme wazi mpaka wa anachokijua. Mwalimu wa dini naye asiazime ushahidi asiouhitaji. Na vyombo vya habari, gazeti hili likiwamo, visichapishe kila tangazo linaloletwa na ada yake mkononi.

Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na katika usiku huo ndimo wafanyamo biashara wauzaji wa maneno. Anayeugua na apime damu hospitalini, ameze dawa yake, na aombe dua yake. Nia na ibaki moyoni na katika ibada, ambako ina daraja ambayo hakuna mashine iliyoipa na hakuna mashine itakayoiondoa.